Dola milioni 150 ambazo hazijaonekana: Ennahda, Qatar na uchaguzi wa Tunisia

Agosti 2012, waziri wa mambo ya nje wa Syria, Walid al-Moallem, alikuwa akihojiwa na gazeti la The Independent la London kuhusu vita vya nchini kwake. Katikati ya mazungumzo akatupia neno: Amiri wa Qatar alikipa chama cha Kiislamu cha Ennahda cha Tunisia dola milioni 150 za kampeni. Gazeti likachapisha. Rached Ghannouchi, kiongozi wa Ennahda, hakulinyamazia jambo hilo, na gazeti likaishia kuomba radhi. Lilikubali kwamba yeye na chama chake hawakupokea mchango wa serikali ya kigeni kinyume cha sheria za Tunisia za fedha za vyama.

Radhi ilipita kimya kimya, lakini zile milioni 150 zilibaki midomoni. Mimi mwenyewe nimekutana nazo zaidi ya mara moja, zikitajwa kama jambo lililokwisha kuthibitishwa, bila kutajwa aliyezisema wala aliyezifuta. Na aliyezisema alikuwa na lake. Mwezi Februari mwaka huohuo serikali ya Tunis, iliyoongozwa na Ennahda, ilikuwa imemfukuza balozi wa Syria, na tarehe 24 ikawakaribisha wale walioitwa marafiki wa Syria, mkutano wa mataifa yaliyomtaka rais Bashar al-Assad aondoke. Qatar ilikuwa mstari wa mbele. Moallem alipofungua kinywa kuhusu pesa za Doha alikuwa analipiza kisasi.

Kwa hiyo swali la kama Qatar ilitoa au haikutoa nitaliweka kando kidogo. Linalonishughulisha ni hili: katika uchaguzi wa Oktoba 23, 2011, wa bunge la kuandika katiba na wa kwanza baada ya kuanguka kwa rais Zine El Abidine Ben Ali, mkono wa nje ulipita wapi hasa? Na mahali gani watu waliuona ilhali haukuwepo?

Kabla ya kutazama Ghuba

Ben Ali alikimbia Januari 14, 2011. Siku tatu kabla, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, Michèle Alliot-Marie, alisimama bungeni Paris akapendekeza ujuzi wa vyombo vya usalama vya Ufaransa utumike kusaidia kutuliza mambo. Wakati huo vijana walikuwa wanapigwa risasi Kasserine na Thala. Baadaye ikajulikana pia kwamba alikuwa amekwenda likizo Tunisia maandamano yakiwa yameshaanza, na akapanda ndege binafsi ya mfanyabiashara wa huko. Mwisho wa Februari akajiuzulu.

Naanza na Ufaransa makusudi. Likitajwa neno "mkono wa nje" shingo zote zinageukia Doha na Riyadh, utadhani Paris ni mtaa wa Tunis. Mfaransa ndiye aliyeitawala nchi hiyo kuanzia 1881 hadi 1956, na lugha yake ndiyo ya benki na ya vyuo vikuu. Ushawishi wake ulikuwa umezoeleka kiasi cha kutoonekana tena.

Tarehe 30 Januari ndege kutoka London ilitua uwanja wa Tunis-Carthage ikiwa na Ghannouchi ndani, mzee wa miaka 69 aliyekuwa nje ya nchi kwa zaidi ya miaka ishirini. Maelfu walikuwa wanamngoja. Walimpokea kwa ile kasida ambayo kila aliyewahi kukaa kwenye maulidi Lamu au Unguja anaijua, inayosimuliwa kuwa watu wa Madina walimwimbia Mtume alipoingia mjini kwao. Wapenzi wa chama walibubujikwa na machozi. Watunisia wengine, wale wa kahawa za barabara ya Bourguiba, waliisikia kasida hiyohiyo wakaingiwa na baridi: huyu anajilinganisha na nani? Ukitaka kuuona ufa uliokuja kuipasua Tunisia kwa miaka kumi iliyofuata, uliuona pale uwanjani.

Ila mkutano ule haukuitishwa na Doha. Harakati ya Ghannouchi ilianza rasmi 1981, ikabadili jina kuwa Ennahda 1989, na mwaka huohuo watu wake wakagombea kama wagombea binafsi kwa kuwa chama hakikuruhusiwa. Hata kwa hesabu za serikali yenyewe walipata karibu asilimia 15. Ben Ali alishtuka. Miaka ya tisini mwanzoni maelfu wakasombwa magerezani. Hamadi Jebali, aliyekuja kuwa waziri mkuu, alikaa ndani miaka 16, na zaidi ya kumi kati ya hiyo alifungiwa peke yake. Mke wa mfungwa alipokosa kazi kwa sababu ya hijabu, jirani alimpelekea unga usiku. Mtoto wa mfungwa alinyimwa pasipoti. Chama kilipoandikishwa Machi 1, 2011, hakikuwa na haja ya kutafuta wanachama, maana karibu kila mji mdogo kuanzia Gabès hadi Bizerte ulikuwa na nyumba kadhaa zilizokuwa zimelipa gharama, na majirani walikuwa wanazijua. Ofisi zikafunguliwa nchi nzima ndani ya miezi michache. Wapinzani waliona ofisi hizo wakauliza kodi inalipwa na nani. Ni swali halali. Lakini ofisi bila watu ni milango na viti tu, na watu hao alikuwa amewakusanya Ben Ali mwenyewe, gereza baada ya gereza.

Sheria na tundu lake

Sheria ya uchaguzi ilitoka Mei 2011, ya vyama na ya jumuiya Septemba 24. Vyama vilipigwa marufuku kupokea hata senti kutoka nje. Fedha za kampeni zilitoka serikalini, kila orodha ya wagombea ikipewa kiasi kulingana na wapiga kura wa jimbo lake. Kuanzia Septemba 12 tume huru ya uchaguzi, ISIE, chini ya Kamel Jendoubi, ilizuia matangazo ya kisiasa ya kulipia.

Kwenye karatasi hakuna kosa. Tundu lilikuwa kwenye ile sheria ya tatu. Jumuiya, tofauti na chama, iliruhusiwa kupokea msaada wa nje ili mradi iutangaze. Na hata kabla sheria hiyo haijatoka, Agosti 2011 ilikuwa Ramadhani, mwezi mzima wa kampeni isiyoitwa kampeni. Jumuiya za kheri zilifuturisha, zikatoa nguo za sikukuu, zikagharamia harusi za pamoja na tohara za watoto wa maskini. Vyama vya mrengo wa kisekula vililalamika kwamba nyuma ya sufuria hizo kulikuwa na Ennahda, na nyuma ya Ennahda kulikuwa na mtu wa Ghuba mwenye kanzu nyeupe. Ennahda ikasema hayo ni mambo ya jumuiya, si ya chama.

Nani alikuwa mkweli? Mkaguzi angehitaji vitabu vya hesabu vya mamia ya jumuiya zilizosajiliwa juzi juzi, kwenye nchi iliyokuwa na serikali ya mpito na mahakama zilizorithiwa kutoka kwa dikteta. Kazi hiyo haikuwezekana kabla ya siku ya kura. Kama mimi ningekuwa na pesa Doha na ningetaka kumsaidia mtu Tunis mwaka ule, nisingehangaika na chama. Ningelisha watu futari.

Jambo lisilosemwa sana ni kwamba msaada mwingine wa nje ulifanyika mchana kweupe. Taasisi mbili za Kimarekani, NDI na IRI, pamoja na wakfu za vyama vya Kijerumani, ziliendesha mafunzo kwa vyama vya Tunisia: namna ya kupanga ujumbe, ya kugonga milango, ya kuweka mawakala vituoni. Ennahda nao walihudhuria na, kwa hadithi za waliokuwepo, walikuwa wanafunzi wenye bidii. Septemba hiyo Recep Tayyip Erdoğan akatua Tunis akasema Mwislamu anaweza kuongoza nchi ya kisekula bila shida. Ennahda, waliokuwa wakikitaja chama chake kama mfano, walifurahi zaidi kuliko ndugu zao wa Cairo, ambako maneno kama hayo yaliwakera Udugu wa Kiislamu.

Dishi juu ya paa

Sasa tufike kwenye mkono wa nje ulioacha alama za vidole.

Ben Ali alikuwa ameinyima Al Jazeera, televisheni ya Qatar, ofisi Tunis. Kwa hiyo mchuuzi Mohamed Bouazizi alipojichoma moto Sidi Bouzid Desemba 17, 2010, kituo hicho hakikuwa na mwandishi wala kamera pale. Kilikuwa na simu za vijana. Video zilipandishwa Facebook, Doha wakazichukua, wakazirusha, na jioni zikarudi Tunisia kupitia dishi lililokuwa juu ya paa la kila nyumba, hata za vijiji vya bara ambako mtandao haukufika. Sisi tuliokuwa tunakaa kahawani Mombasa miezi ile, tukiangalia picha zilezile bila kujua nusu ya Kiarabu kinachosemwa, tulijua jina la Sidi Bouzid kabla ya kujua iko upande gani wa ramani.

Baada ya mapinduzi skrini hiyohiyo ilimpa Ghannouchi muda mrefu wa kuzungumza. Mkwewe, Rafik Abdessalem, alikuwa mkuu wa utafiti katika kituo cha taaluma cha Al Jazeera huko Doha. Mwaka ulipoisha ndiye aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Tunisia. Watu hawakuhitaji hawala ya benki ili waunganishe nukta hizo.

Lakini kisa cha televisheni kinachostahili kusomwa hakihusu Ennahda. Kinahusu mtu aliyetoka Ennahda.

Hechmi Hamdi ni mzaliwa wa mkoa wa Sidi Bouzid. Alikuwa mwanaharakati wa chama ujanani, akajitoa miaka ya tisini mwanzoni, na huko London akaanzisha kituo chake cha setilaiti, Al Mustakilla. Mwaka 2011 alianzisha orodha za wagombea ziitwazo Al-Aridha, yaani Ombi la Umma. Hakurudi nyumbani kufanya kampeni. Alikaa studio London, akatazama kamera, akawaahidi watu wa nyumbani matibabu bure, posho ya dinari 200 kwa mwezi kwa wasio na kazi, na usafiri bure kwa wazee. Alizungumza Kiarabu cha kwao, kwa lafudhi ya kwao, usiku baada ya usiku. Magazeti ya Tunis hayakumwandika. Wachambuzi hawakumtaja. Katika vikao vya hoteli walikojadili mustakabali wa nchi, jina lake lilikuwa kichekesho.

Kura zilipohesabiwa Al-Aridha ilikuwa miongoni mwa makundi makubwa kabisa ya bunge jipya, na Sidi Bouzid, penyewe mapinduzi yalipozaliwa, iliipiku Ennahda na kubeba viti 3 kati ya 8. Ukumbini ambako tume ilikuwa inatangaza matokeo, tarehe 27 Oktoba, Jendoubi alisoma kwamba orodha za Al-Aridha zimefutwa katika majimbo sita. Sababu kubwa iliyotajwa ilikuwa fedha za kampeni. Baadhi ya waliokuwa ukumbini walishangilia. Waandishi wakapiga makofi! Usiku huo Sidi Bouzid iliwaka: vijana walichoma ofisi ya Ennahda na majengo ya serikali, na amri ya kutotoka nje ikatangazwa. Hamdi, akiwa London, alitangaza kuviondoa viti vyote vilivyobaki.

Siku chache baadaye mahakama ya utawala ilizirudisha orodha karibu zote, na Al-Aridha ikafikisha viti 26.

Hebu tulitazame jambo hili polepole. Hapa kuna chama kilichofanya kampeni kwa kituo cha televisheni kilichoko nchi ya kigeni, kwa pesa za mtu anayeishi nchi ya kigeni, wakati matangazo ya kulipia yamezuiwa ndani. Kama kuna uvunjaji wa sheria ya mkono wa nje uliofanyika mbele ya macho ya watu wote mwaka 2011, ulikuwa huu. Hata hivyo, si Qatar, si Saudia, si Iran. Ni mtoto wa Sidi Bouzid mwenye dishi. Na aliyeadhibiwa alihisi kaadhibiwa kwa kuwa ni mshamba wa bara aliyewashinda mabwana wa pwani. Neno "kutoka nje" lilikuwa limekwisha kupata maana mbili, na maana hizo hazikukaa meza moja.

Karatasi ndefu na hesabu ya mabaki

Siku ya kura foleni zilianza alfajiri. Zaidi ya orodha 1,500 ziligombea viti 217 katika majimbo 33, sita kati ya hayo yakiwa nje ya nchi. Mpiga kura alipewa karatasi iliyokunjuka kama gazeti, orodha juu ya orodha, kila moja na nembo yake, kwa ajili ya mama asiyesoma: mzeituni, ufunguo, kitabu, njiwa. Akachovya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kwenye wino wa buluu.

Mbele ya karatasi ya namna hiyo, jina linalojulikana ni mali. Ennahda ilijulikana. Vyama vingine vingi vilikuwa na umri wa miezi sita. Karibu theluthi moja ya kura zilizopigwa zilikwenda kwa orodha ambazo hazikupata kiti chochote. Wakati huohuo Ennahda ilipata karibu kura milioni 1.5, asilimia 37.

Wengi wanaishia hapo. Mimi naona penye maana zaidi ni namna kura zilivyogeuzwa kuwa viti, kwa kuwa ndipo ilipoamuliwa kama chama kimoja kitaandika katiba peke yake. Chukua jimbo la mfano lenye viti 8 na kura halali 160,000. Gawanya: kiti kimoja kina bei ya kura 20,000. Ennahda wana kura 64,000, wanachukua viti 3 na kubaki na 4,000. Chama cha pili kina 22,000, kinachukua kiti 1 na kubaki na 2,000. Viti vinne havina mwenyewe. Vinakwenda kwa wenye mabaki makubwa: orodha yenye 11,000, yenye 9,000, yenye 7,000, yenye 6,000. Hakuna hata moja iliyofikisha bei, ila kila moja inaondoka na kiti. Kura 41,000 zilizobaki zimetawanyika kwenye vijiorodha na kupotea. Ennahda, wenye asilimia 40 ya kura, wanaishia na viti 3 kati ya 8.

Kura zilezile ukizihesabu kwa kanuni ya D'Hondt, inayotumika nchi nyingi za Ulaya, Ennahda wanapata viti 5. Kwa nchi nzima, waliokokotoa baadaye waligundua kwamba kanuni hiyo ingewapa zaidi ya theluthi mbili ya bunge. Badala yake walipata 89 kati ya 217, wakalazimika kutafuta vyama wenza: CPR ya Moncef Marzouki yenye viti 29, na Ettakatol ya Mustapha Ben Jaafar yenye 20.

Kanuni hii haikutoka Doha wala Washington. Ilitoka kwenye tume ya mpito iliyoongozwa na mwanasheria Yadh Ben Achour, watu wa Tunisia waliokaa chumbani majira ya kuchipua ya 2011 wakibishana. Ukipima nguvu ya kila kitu kilichoathiri matokeo, mstari huo mmoja wa sheria ulikuwa mzito kuliko mkoba wowote.

Na mikoba? Ilikuwepo, na haikununua kitu. Chama cha UPL cha Slim Riahi, aliyetajirika akiwa Libya, kilibandika mabango kila kona na kuambulia kiti 1. Chama cha PDP cha Najib Chebbi na Maya Jribi, kipenzi cha balozi nyingi za Magharibi na chenye mabango ya kuvutia, kilitarajiwa kuwa mshindani mkuu. Kilipata 16. Nje ya nchi, ambako wapiga kura walikuwa wakazi wa Paris, Marseille na Montréal, watu wanaosemwa kuwa wameelimika kisasa, Ennahda ilichukua viti 9 kati ya 18. Nayo ilikuwa imemsimamisha Souad Abderrahim, mfamasia asiyevaa hijabu, kuongoza orodha yake katika jimbo la Tunis 2. Kwa kuwa sheria iliamuru wanaume na wanawake wapangwe kwa kupishana, wanawake 49 waliingia bungeni, 42 kati yao wa Ennahda, jambo lililowafadhaisha waliosema chama hicho kitawarudisha wanawake jikoni.

Pesa zilizokuja baada ya ushindi

Novemba 22, 2011, bunge lilipofunguliwa kasri la Bardo, waandamanaji nje walikuwa na mabango dhidi ya Qatar na Saudia. Januari 14, 2012, sherehe ya mwaka mmoja wa mapinduzi, mgeni mashuhuri alikuwa Sheikh Hamad, Amiri wa Qatar, na barabarani watu wakampigia kelele. Mwaka huohuo Qatar iliikopesha Tunisia dola milioni 500. Kampuni yake ya simu, Qtel, iliongeza umiliki wake katika Tunisiana, mtandao mkubwa wa simu ambao sehemu ya hisa zake ilikuwa imenyang'anywa ukoo wa Ben Ali, hadi kufikia asilimia 90.

Hapa sasa Qatar inaonekana waziwazi, na inaonekana baada ya kura. Hilo halimsafishi mtu yeyote, kwani mwenye kutarajia mkopo wa kesho anaweza kunyenyekea leo. Lakini ni tofauti na kununua uchaguzi. Marekani nayo mwaka huo ilidhamini mkopo wa dola milioni 485, karibu sawa na Qatar, na hakuna aliyechoma bendera kwa ajili ya dhamana hiyo. Ubalozi wa Marekani ulipovamiwa na kuchomwa Septemba 14, 2012, hasira zilikuwa za filamu iliyomtukana Mtume, na waliovamia walikuwa Masalafi ambao Ennahda ilikuwa imewalea kwa upole mno. Kosa hilo la upole, kwa maoni yangu, liliidhuru Ennahda kuliko tuhuma zote za Qatar. Februari 6, 2013 Chokri Belaïd, mwanasiasa wa mrengo wa kushoto na mpinzani wa Ennahda, aliuawa nje ya nyumba yake. Julai 25 akauawa Mohamed Brahmi, mbunge wa Sidi Bouzid. Katikati, Julai 3, jeshi la Misri lilimwondoa rais Mohamed Morsi wa Udugu wa Kiislamu, na Falme za Kiarabu na Saudia zikamimina mabilioni Cairo. Ghannouchi alisoma alama za nyakati. Agosti akaenda Paris kukutana hotelini na hasimu wake mkubwa, Beji Caid Essebsi wa chama cha Nidaa Tounes, na hatimaye Ennahda ikaachia serikali bila kushindwa kura. Katiba ilipita Januari 26, 2014 kwa kura 200 kati ya 216.

Uchaguzi wa Oktoba 2014 ni ule wa 2011 uliogeuzwa ndani nje. Safari hii aliyetuhumiwa ni Essebsi. Falme za Kiarabu zilimpa magari mawili yasiyopenya risasi, na watetezi wake wakasema mzee ana vitisho vya kuuawa, alindwe na nini? Waliopiga kelele ni walewale wa upande wa Ennahda waliokuwa wakisema tuhuma za nje ni uzushi. Nidaa Tounes ikapata viti 86, Ennahda 69. Kisha Essebsi akafanya kitu ambacho Abu Dhabi haikukilipia: akawaingiza Ennahda serikalini. Uhusiano ukapoa. Desemba 2017 ukafika mahali ambapo Falme za Kiarabu zilizuia wanawake wa Tunisia kupanda ndege za kwenda kwao, na Tunis ikajibu kwa kusimamisha safari za Emirates. Mfadhili anaweza kugharamia kampeni, lakini hesabu za bunge hafanyi yeye.

Mwaka 2019 mlango ukahama tena, safari hii hadi Marekani, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na karatasi. Sheria ya Marekani inamtaka anayelipwa na mgeni ili kuishawishi serikali ya Marekani ajiandikishe, na mikataba inakaa hadharani. Humo ulikutwa mkataba wa dola milioni 1 kwa niaba ya Nabil Karoui, mgombea urais mwenye kituo cha televisheni, na kampuni ya Kikanada ya Dickens & Madson. Humo pia ilikuwemo Ennahda na kampuni ya Burson-Marsteller, tangu 2014. Pesa zilizoandikwa humo zilikuwa za kuzilipa kampuni za nje, si za kuingizwa Tunisia. Karoui alishindwa na Kais Saied, profesa wa sheria aliyekuwa hana chama wala mabango, kwa asilimia zaidi ya 72.

Julai 25, 2021 Saied alilifunga bunge ambalo Ghannouchi alikuwa spika wake. Aprili 2023 Ghannouchi alikamatwa nyumbani kwake usiku wa Ramadhani. Februari 1, 2024 mahakama ya Tunis ikamhukumu, pamoja na mkwewe Rafik Abdessalem aliyekuwa nje ya nchi, miaka mitatu jela kwa kosa la chama chao kupokea fedha za kigeni, na chama kikapigwa faini ya zaidi ya dola milioni moja. Ni ile kesi ya mikataba ya ushawishi. Ennahda imekana.

Ghannouchi, akiwa na miaka 82, alikataa kufika mbele ya hakimu. Zile dola milioni 150 za Moallem hazikuwemo kwenye hukumu.